Barua ya wazi kwa Rais wa Mazda: Roadster ya kila siku, kiangazi na masika

Kwa Mheshimiwa Rais na Mtendaji Mkuu,
Mazda Motor Corporation,
Hiroshima, Japani.

Mheshimiwa Rais,

YAH: OMBI LA VIPURI VYA EUNOS ROADSTER KWA SISI TUNAOIENDESHA KILA SIKU

Kwa heshima na taadhima, ninaomba ruhusa yako kukuandikia hadharani. Ninatambua ukubwa wa nafasi yako na wingi wa mambo yanayokusubiri mezani. Kinachonipa ujasiri ni historia ya kampuni yako yenyewe. Mwaka 1979, Bob Hall, wakati huo mwandishi wa habari za magari kutoka Marekani, alimshauri Kenichi Yamamoto kwamba Mazda itengeneze gari la michezo lililo jepesi, la kufunguka paa, la bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Mzee Yamamoto, ambaye baadaye alikalia kiti unachokikalia leo, alimsikiliza. Februari 1989 gari hilo lilioneshwa Chicago kwa jina la MX-5, na Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Basi ninabisha hodi nikiamini kwamba katika nyumba yako mgeni mwenye neno hukaribishwa aseme.

Ninaendesha Roadster ya kizazi cha kwanza, injini ya 1.6 na gia za mkono, hapa Dar es Salaam. Ilianza maisha yake kwenu Japani, kisha ikapakiwa melini kama magari mengi yaliyojaa katika barabara zetu. Usukani wake uko kulia nasi tunapita kushoto, kwa hiyo ilishuka bandarini ikiwa tayari kwa kazi. Jirani zetu wa Kenya hawapokei gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8. Tanzania inalipokea, mradi mnunuzi akubali kulipa kodi ya uchakavu. Ndiyo maana magari yenu ya zamani yanaendelea kupata wenyeji wapya katika pwani hii.

Mheshimiwa, hili ndilo gari pekee nililo nalo. Linanipeleka kazini, sokoni, harusini na msibani, kuanzia Januari hadi Desemba. Wengi hunishauri kwa nia njema kwamba gari la viti viwili lifungiwe ndani, litolewe siku ya mapumziko, na kazi za kila siku zifanywe na gari jingine lenye milango minne. Naheshimu ushauri huo, lakini ninaamini kwa moyo wote kwamba wahandisi wako, chini ya uongozi wa Toshihiko Hirai, hawakulikusudia gari hili liwe pambo. Matoleo ya kwanza ya Japani yalikuwa na uzito wa kilo 940 hivi. Uzito huo uligawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ili dereva aihisi barabara hata akiwa katika mwendo wa kawaida. Furaha ya namna hiyo haihitaji barabara tupu wala mwendo wa hatari. Naipata kila asubuhi katika mzunguko wa kwanza nikitoka nyumbani, na naipata tena jioni foleni inapoachia.

Naomba nikueleze mwaka wetu ulivyo, maana najua majaribio yenu hayakufanyika katika jiji hili. Januari na Februari jua la mchana ni kali mno. Paa hufunguliwa alfajiri na baada ya magharibi, na kati ya hapo hufungwa na kiyoyozi kikawashwa. Machi hadi Mei ni masika. Mto Msimbazi unapofurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na gari lililo chini kama hili halina budi kusubiri maji yashuke, hata kama daladala inajaribu bahati. Juni hadi Agosti upepo wa kusi hupoza jiji, na hapo paa huweza kukaa wazi kutwa nzima. Vuli nazo hurudi kuanzia Oktoba. Katika misimu yote hiyo, matuta ya barabarani yapo palepale, nami huyapanda polepole, kwa mshazari, ili chini pasikwaruze.

Kuishi na gari hili kunataka nidhamu, na nidhamu hiyo naitoa kwa hiari. Buti ni dogo na tairi ya akiba imo humohumo, kwa hiyo gunia la mkaa haliingii. Hakuna kitu kinachoachwa juu ya kiti, kwa sababu paa laini hukatwa kwa kisu, na gari huegeshwa palipo na mlinzi. Nyuma ya viti kuna mirija midogo inayoshusha maji ya paa hadi chini ya gari. Majani ya mwarobaini yakiiziba, mvua huishia ndani ya bodi, na kutu huanzia chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma. Sisi wa pwani, wenye hewa ya chumvi, hatuwezi kuahirisha kazi hiyo ya kuzibua. Kabla ya kushusha paa, dirisha la plastiki la nyuma hufunguliwa zipu likalazwa, lisije likajikunja na kupasuka.

Kwa upande wa injini, Mheshimiwa, pokea shukrani zangu za dhati. Injini ya B6 ni ya ukoo uleule uliotumika katika Mazda 323, gari ambalo mafundi wetu wakongwe wamelishika miaka mingi. Fundi aliyelifahamu lile haliogopi hili. Boneti ikifunguliwa, mkono unafika panapohitajika: plagi, mikanda. Urahisi huo ndio unaoniwezesha mimi, mtu wa mshahara, kuliendesha kila siku gari la michezo lenye umri mkubwa.

Lakini kuna vitu ambavyo ufundi peke yake hauvitibu. Jua letu linaligeuza dirisha la plastiki kuwa la njano, kisha la ukungu, mpaka dereva haoni vizuri nyuma. Mipira ya milango hukauka, paa hupasuka penye mikunjo. Fundi wa viti anaweza kushona kiraka, na wapo hodari sana, ila kiraka hakizuii masika. Ninajua kwamba mwaka 2017 kampuni yako ilitangaza huko Japani huduma ya kukarabati Roadster za kizazi cha kwanza, na kwamba vipuri vilivyokuwa vimekoma kutengenezwa vilianza kutengenezwa upya, likiwamo paa lenyewe. Habari hiyo ilinifurahisha mno. Ni kampuni chache duniani zinazowakumbuka wateja wa zamani kiasi hicho.

Ni juu ya wema huo uliokwisha kuuanza ndipo ninapoweka maombi yangu matatu, kwa unyenyekevu.

Kwanza, naomba vipuri hivyo vilivyotengenezwa upya vifunguliwe njia rasmi ya kuagizwa Dar es Salaam, kwa bei iliyotangazwa wazi. Magari yenu yaliyozeeka hayabaki Japani yote. Mengi husafiri, na huku yanakofikia ndiko yanakofanya kazi kila siku.

Pili, naomba kitabu cha fundi cha kizazi hicho kitolewe kwa Kiswahili. Kijana anayejifunza gereji akikisoma kwa lugha anayoota kwayo, ataheshimu kipimo cha kukaza boliti na hatakisia. Kitamsaidia kila mwenye gari hili anayesoma Kiswahili, awe Mombasa, Bujumbura au Muscat.

Tatu, kuhusu gari litakalofuata. Kizazi cha nne kilipotoka mwaka 2015, toleo lake jepesi kuliko yote huko Japani lilikuwa na kilo 990, miaka 26 baada ya lile la kwanza. Ninawapongeza kwa uvumilivu huo. Nakusihi jipya nalo libaki jepesi, libaki na gia za mkono, na litengenezeke katika gereji isiyo na kompyuta ya kiwandani. Mnunuzi wenu wa kwanza atakuwa na dhamana na gereji yenu karibu. Mnunuzi wa tatu, ambaye huenda yuko Kinondoni, atakuwa na fundi wake tu, naye pia ni mteja wa jina lenu.

Mheshimiwa, ninajua kwamba huenda maombi yote matatu yasiwezekane kwa pamoja. Ikilazimu uchague moja, nakuomba lianze la paa na dirisha lake. Hilo mmekwisha kulitengeneza upya, linahitaji njia tu, na likifika kabla ya Machi, gari hili litaingia masika likiwa kavu.



Wako katika heshima,
Dereva wa Roadster,
Dar es Salaam.