Jinsi ya Kufuga Nodi Isiyolipa Hata Senti

Tuanze na suala la mshahara tulimalize. Nodi ya Bitcoin haikulipi. Wanaolipwa ni wachimbaji, wenye mitambo inayonguruma na bili za umeme za kutisha. Tangu Aprili 2024 kila bloku, yaani fungu la miamala, wanayoipata inawaingizia bitcoin 3.125 pamoja na ada za miamala. Wewe mwenye nodi unapata joto la feni. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia "nodi ya Bitcoin" itakayokulipa kila wiki, mkaribishe chai, ila pesa zako zibaki mfukoni.

Basi uifuge ya nini? Ya kukagua. Kila baada ya dakika kumi hivi inaingia bloku mpya, na nodi yako inaipekua muamala kwa muamala. Sahihi ni halali? Pesa hizi zimeshatumika? Mchimbaji amejiongezea posho? Ikikuta kasoro inaitupa bloku nzima, hata kama aliyeileta ana ghala zima la mitambo. Ukaguzi huo uliwahi kushindwa: tarehe 15 Agosti 2010, bloku namba 74638 ilizaa bitcoin zaidi ya bilioni 184, katika mfumo ambao kikomo chake ni milioni 21. Hitilafu ilikuwa ndani ya programu yenyewe: hesabu ilifurika, nodi zikaona mambo sawa. Programu iliyorekebishwa ikatoka ndani ya saa chache, wenye nodi na wachimbaji wakaiweka, na mnyororo safi wa bloku ukaupita ule mbovu. Hapakuwa na gavana wa benki kuu wa kupigiwa simu. Palikuwa na watu na kompyuta zao.

Kompyuta mpakato ya zamani inatosha, au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye RAM ya GB 8. Ubahili ufanye kwingine kote isipokuwa kwenye diski. Data yote imeshapita GB 600 na bado inakua, kwa hiyo tafuta SSD ya TB 2, na uinunue kwenye duka linalotoa risiti. Mfuko ukigoma, andika prune=550 kwenye faili la mipangilio: nodi itakagua bloku zote tangu ile ya kwanza ya tarehe 3 Januari 2009, kisha itafuta bloku kuukuu na kubakiza MB 550 tu, pamoja na daftari la pesa ambazo hazijatumika, ambalo nalo linakula GB kumi na kitu. Haitaweza kuwagawia wengine historia ya zamani, lakini kwa ukaguzi ni nodi kamili. Anayekubishia hilo mwache abishe.

Usithubutu kushusha GB 600 kwa bando la simu. Tafuta intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo, au mwendee rafiki mwenye nodi ukiwa na diski tupu mkononi. Azime nodi yake, unakili folda yake yote ya bloku, kisha urudi nyumbani uwashe programu kwa amri ya reindex. Hapa ndipo ninapoupenda mfumo huu kuliko popote pengine: rafiki amekusaidia sana, na bado hulazimiki kumwamini. Nodi yako itazipitia upya bloku zote alizokupa, na iliyochezewa itakataliwa.

Faili la programu nalo lihakiki kwa sahihi za watengenezaji kabla ya kuliwasha. Wengi wanairuka hatua hii. Sielewi mtu anavyoweza kufunga mashine ya kukagua dunia nzima kwa kutumia faili ambalo hakulikagua.

Ukishawasha, fungua debug.log utazame. Mistari inakimbia, kila mmoja na height yake, yaani namba ya bloku. Miaka ya 2009 na 2010 inapita upesi mno kwa sababu bloku zake zilikuwa karibu tupu. Humo kuna namba 170, yenye bitcoin 10 ambazo Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, alimtumia mtaalamu wa programu Hal Finney tarehe 12 Januari 2009, na mashine iliyo mezani kwako imezihesabu yenyewe. Huko mbele bloku zinajaa na mwendo unapungua. Kama RAM ipo, ongeza dbcache, yaani kumbukumbu inayotengewa lile daftari la pesa, kisha uiache ifanye kazi. Waambie na watoto kwamba ile taa inayowaka usiku kucha haizimwi.

Adui mkubwa ni umeme. Ukikatika ghafla nodi ikiwa inaandika, lile daftari la pesa ambazo hazijatumika linaweza kuharibika, ukalazimika kulijenga upya kwa saa nyingi, pengine siku. Nunua UPS ndogo kabla hujafikiria kasha la kupendeza. Ukitaka kuzima, toa amri ya bitcoin-cli stop na usubiri mpaka programu ifunge yenyewe. Usichomoe waya hata kama fundi wa jokofu anaitaka soketi hiyo.

Kisha unganisha pochi yako na nodi yako, la sivyo umejichosha bure. Pochi isiyo na nodi yake huuliza salio kwenye seva ya mtu mwingine, na mwenye seva hiyo anazijua anwani zako.

Mwisho ni matoleo mapya. Bitcoin Core, yaani programu ya nodi yako, haijisasishi yenyewe, na imefanywa hivyo kwa makusudi: anayeamua nodi yako ifuate kanuni zipi ni wewe. Mwaka 2017 wachimbaji wakubwa walivuta miguu kuhusu mabadiliko ya kanuni yaitwayo SegWit, na baadhi ya wenye nodi wakatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti watazikataa bloku zisizoyaunga mkono. Tarehe 24 mwezi huohuo SegWit ikaanza kazi. Kwa hiyo soma maelezo ya toleo mpaka mstari wa mwisho, weka nakala ya pochi, hakiki sahihi, zima kwa amri, weka toleo jipya, washa, na uangalie kama height imeendelea kutoka pale ilipoishia.