Shajara ya Gari Lisilo na Moshi

Jumatatu
Gari limefika Soitsambu kutoka Arusha likiwa juu ya Fuso, katikati ya mifuko ya saruji. Bosi anasema ni ili lisichakae. Ni gari dogo la umeme, mtumba wa Kijapani, na huko mjini lilikuwa likifanya kazi ya abiria wa mtandaoni. Lilipoanza kuishiwa chaji kabla ya saa kumi jioni, bosi akaona linafaa kijijini, ambako, kwa maneno yake, safari ni fupi. Bosi hajawahi kufika Soitsambu.

Jumanne
Safari fupi ya kwanza: Ololosokwan. Dashibodi iliandika kilomita 95. Tulipomaliza kilima cha kwanza zilibaki 71. Mzee niliyempakia, mtu mpole, aliuliza kama kilima kile kina kilomita 24. Nikamwambia ni hesabu ya kompyuta. Akasema basi aiache ihesabu, yeye atembee, ng'ombe wake wanasubiri.

Jumatano
Ng'ombe hawalisikii. Kundi zima lilisimama katikati ya njia ya Wasso. Nikapiga honi, mmoja akageuka, akanitazama, akaendelea na shughuli zake. Layoni, kijana wa Kimasai aliyekuwa akichunga, akaja kugonga boneti kwa fimbo na kuniambia niwashe gari kwanza. Nikamwambia linawaka. Hakuamini.

Alhamisi
Halikuwaka. Betri kubwa ilikuwa na chaji; iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuiamsha kubwa. Kijana wa bodaboda akanikopesha ya pikipiki yake, tukaunga nyaya, likaamka. Nimelipa shilingi 2,000. Amepiga picha.

Ijumaa
Wasso yupo fundi wa magari ya watalii mwenye kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kupeleka taarifa kwenye simu. Alichomeka, akasoma, akavua kofia. Afya ya betri: asilimia 61. Yaani dashibodi ikiandika mia, ni mia ya kilichobaki. Betri ilitoka kiwandani ikibeba uniti 24; sasa hazifiki 15.

Alinieleza, nami nikaandika kwa kuwa bosi ataniuliza. Betri ya lithiamu huchoka kwa umri hata ikikaa tu, na huchoka zaidi kwa joto na kwa kujazwa na kumalizwa. Mtu wa ofisini akienda kazini na kurudi ni kilomita 40, gari linalala. La abiria kupiga 150 kwa siku si ajabu, kwa hiyo mwaka wake mmoja ni miaka mitatu minne ya mwenzake. Tena dereva wa mtandaoni hujaza pomoni, huegesha juani akisubiri simu ilie, kisha huendesha hadi taa nyekundu, maana abiria wa mwisho wa siku ndiye faida. Yote hayo betri haiyapendi. Kuna magari yenye maji yanayozunguka kuipoza. Hili hupozwa na upepo wa njiani, basi. Likisimama juani halipozwi na kitu.

Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, afya isishuke chini ya asilimia 70. Nikauliza ya hili iko wapi. Fundi akasema mtumba huja na matairi manne na redio inayozungumza Kijapani.

Jumamosi
Nachaji dukani kwa shemeji, kwa sharti ninunue umeme wa LUKU mwenyewe. Jirani yake ni fundi wa kuchomelea mageti. Kila akigusa chuma, umeme unazama na chaja inajizima. Leo alikuwa na geti la kanisa, hivyo nimesubiri kanisa. Usiku likajaa mapema kuliko nilivyotegemea. Betri iliyochakaa hujaa haraka kwa sababu nafasi ya kujaza ni ndogo. Alfajiri, kwa baridi ya huku, kilomita zilikuwa zimepungua kabla sijatoka uani.

Jumapili
Yeyo mmoja, mama wa Kimasai, aliuliza gari hili linakula nini. Umeme. Akauliza kama leo limeshiba. Nikamwambia limeshiba, ila tumbo lake ni dogo. Akapanda bodaboda.

Mchana bosi ameandika kwamba watu wa Nairobi walikuwa na teksi za umeme za mtandaoni tangu 2018, NopeaRide, zenye Nissan Leaf. Nimemjibu kwamba ilifungwa 2022. Kwa haki, iliangushwa na fedha. Nikaongeza kwamba bodaboda nyingi za umeme za huko hubadilishiwa betri kituoni, kwa hiyo uchakavu ni mzigo wa mwenye kituo, si wa dereva. Akauliza kama Soitsambu kuna kituo. Nimemtumia picha ya geti la kanisa.

Jioni ametangaza kuliuza. Tangazo linasema: gari safi, halinywi mafuta, betri hujaa haraka. Yote matatu ni kweli. Atakayekuja kulitazama asihangaike na kilomita zilizoandikwa. Aje na kile kifaa cha kuchomeka chini ya usukani.