Uwanja wa Michezo

Nasikia Wazungu wamegundua mchezo: kuiacha lami kwa makusudi na kukanyaga baiskeli kwenye barabara za changarawe. Mwaka 2022 wakauandalia hata mashindano ya dunia, kule Italia. Hongera zao. Kumbe sisi wa Chamwino, huku kwenye uwanda wa juu wa Dodoma, tulikuwa mabingwa siku zote, tumekosa medali tu.

Mshindani wetu hupanda Phoenix ya chuma, isiyo na gia. Kwenye keria kafunga madumu manne ya maji, lita 20 kila moja. Kilo themanini hizo, yeye mwenyewe hajajipima. Njia ni vumbi, makorongo na miiba ya migunga, inayotoboa tairi bila kuuliza umetoka timu gani. Wenzake wa Kizungu hubeba maji ya kunywa. Yeye ana ya kuuza. Wao hulipa kiingilio wapate taabu. Yeye kapewa bure, na chenji juu.

Basi waheshimiwa, lami ikichelewa tena kufika kijijini, msiseme barabara ni mbovu. Semeni ni uwanja wa michezo.