Rangi Ina Umbea

Rangi ya nguo ina umbea kuliko jirani yeyote niliyewahi kupanga naye, na nimepanga nyumba zenye ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia. Jirani angalau husubiri uondoke ndipo aseme. Rangi haisubiri. Unaitumbukiza nguo ikiwa na heshima zake zote, inatoka imeshasema: kitambaa ulichoapiwa kuwa ni pamba kumbe si pamba, mahali fundi alipolipua, tone la mafuta ya sambusa ulilodhani limefulika likaisha, na hata kilo ulizoongeza tangu gauni liliposhonwa.

Mimi umbea huo niliutafuta kwa sababu ya sherehe. Dar es Salaam siku hizi kadi ya mwaliko haikuiti tu, inakuvisha. Kamati inakaa, inakunywa soda za michango yetu, inatangaza rangi. Harusini kijani kibichi, kitchen party rangi ya pichi, sendofu bluu bahari. Mtu mwenye ukoo mkubwa anajikuta ana gauni la kila rangi isipokuwa ile iliyotangazwa jana.

Sendofu ya wifi yangu ikatangaziwa damu ya mzee. Nilikuwa na gauni la rangi ya maziwa, refu, lenye lesi kifuani, zima kabisa. Kununua kitambaa kingine na kumlipa fundi, au kununua pakiti ya rangi Kariakoo? Swali lilijijibu lenyewe. Muuzaji akaniambia pakiti moja inatosha nguo moja. Hakuuliza nguo yenyewe ina ukubwa gani, nami sikumwambia, maana mambo ya ukubwa wangu si ya kuzungumzia dukani. Kumbe ndiyo yangetangulia. Rangi hupimwa kwa uzito wa kitambaa kikiwa kikavu, si kwa idadi ya nguo. Ukiitia kidogo kwenye nguo kubwa haiishii njiani ikakuachia nusu nyeupe. Inajigawa kwa haki, kila sehemu ikapata fungu lake, na haki hiyo ndiyo inayokuponza. Damu ya mzee ikigawanywa kwa haki juu ya gauni langu inakuwa waridi.

Waridi ningeivumilia. Kilichonimaliza ni uzi. Mafundi wengi hushonea uzi wa poliesta kwa kuwa haukatikikatiki, hata kama kitambaa ni pamba tupu. Na poliesta ni jamaa wa plastiki. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, waliichukulia hataza mwaka 1941, na tangu siku hiyo haijawahi kuielewa rangi ya pamba. Inataka rangi za aina yake, tena kwa joto la sentigredi kama 130 ndani ya chombo kilichofungwa kwa mgandamizo. Maji yangu ya jiko la mkaa yalifika 100, yakatosheka na maisha.

Basi gauni likatoka waridi, lesi ikabaki rangi ya maziwa, zipu ikabaki rangi ya maziwa, na kila mshono ukajichora mstari mweupe. Sasa fundi wangu, Mungu amzidishie subira, alikuwa amelitanua gauni lile zaidi ya mara moja. Kila alipofumua na kushona upya alificha kazi yake vizuri, uzi wa maziwa juu ya kitambaa cha maziwa, hakuna aliyejua. Rangi ikafichua zote, zikajipanga kiunoni sambamba. Wifi yangu akainama, akaanza kuzisoma kwa kidole.

“Huu ni wa mtoto wa kwanza. Huu wa pili. Na huu je, wifi?”

“Huo ni wa Krismasi,” nikamjibu.

Sherehe nilikwenda na khanga begani, nimejitanda mpaka kiunoni, nikiwaambia watu kuna baridi. Mwezi wa pili, Dar es Salaam.

Shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga na kusikia kisa hicho, hakucheka. Alikasirika kwa sababu ya pesa. “Mwanangu, manjano yamejaa jikoni kwako, rangi ya dukani ya nini?” Na kwa haki yake niseme, shangazi alikuwa anajua anachokisema. Rangi nyingi za mimea hazishiki pamba mpaka uitayarishe kwa dawa kama shabu. Manjano hayahitaji bembelezo. Mtu yeyote aliyewahi kumwagikiwa mchuzi wa binzari kwenye kanzu anaufahamu ukweli huo bila kufundishwa.

Mume wangu, mwana Yanga wa kuzaliwa, akasikia neno manjano akaleta fulana yake nyeupe mwenyewe. Tukachemsha, tukachuja, tukaloweka. Ikatoka njano ya kumeremeta, ya kijani kuonea wivu. Akaivaa, akasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko ninaosimama mimi, kisha akajimwagia chai. Nikaichukua kuifua kwa sabuni ya mche.

Povu lilipoigusa tu, njano ikawa nyekundu. Wala si kwamba ilififia au ilichuja; ilibadilika papo hapo, chini ya vidole vyangu, ikawa nyekundu ya kutu. Juma lenyewe ndilo la mechi na Simba. Fulana ya mume wangu ilikuwa imehamia Msimbazi ikiwa ndani ya beseni, bila ada ya usajili.

Maelezo yapo, ingawa siku ile hakuna aliyetaka kuyasikia. Kinachoyapa manjano rangi yake huitwa kurukumini, nacho huwa njano kikikutana na asidi, kikawa chekundu kikikutana na alkali. Sabuni ya mche ni alkali. Ndimu ni asidi, kwa hiyo ukikamua ndimu njano inarudi mbio. Nikamwona baba mtu mzima amekaa kwenye kigoda uani, nusu ya ndimu mkononi, anaiombea fulana uraia wake wa zamani, kipande kwa kipande. Ikarudi. Tukaianika. Hapo nikajifunza tabia ya pili ya manjano ambayo shangazi hakuitaja: hayapatani na jua. Jua letu lile la saa saba liliila njano yote, na mume wangu akaenda uwanjani na fulana isiyo na timu.

Ningeishia kwenye manjano kama mtaani kwetu kusingekuwa na kikundi cha akina mama wa batiki. Hawa hawachezi. Walipata mafunzo, wana daftari la vipimo, wanauza hadi mikoani. Nikaomba kutazama. Rangi zao za unga haziyeyuki kwenye maji matupu. Hutiwa kostiki soda na haidrosi, ndipo zinapoyeyuka na kukiingia kitambaa. Zikiwa humo ndani zimebadilika sura. Kitambaa kikitolewa nje, oksijeni ya hewani inairudisha rangi katika hali yake ya kwanza, safari hii ikiwa imejifungia ndani ya uzi, na haitoki tena kwa sabuni wala kwa machozi.

Kwa hiyo unachokiona ndani ya ndoo si kile utakachokivaa. Kuna njano ambayo ndani ya ndoo huwa bluu iliyoiva kabisa. Mimi sikuwa nimeambiwa. Nikaona mteja ameagiza njano, ndoo ina bluu, na akina mama wote wanapiga soga. Nikapaza sauti: jamani, mnaharibu mali ya watu! Mwenyekiti hata hakugeuka. “Mama, subiri hewa,” akasema, akaendelea na habari zake. Tukasubiri hewa. Kitambaa kikatoka bluu, kikapita kwenye kijani, kikatulia kwenye njano kikiwa kwenye kamba ile ile, na mimi nimesimama mdomo wazi. Harufu ya haidrosi ni ya kukufanya umshuku kila aliyekaa karibu nawe, lakini kwa onyesho lile inasameheka.

Nikarudi nyumbani nimenunua kila kitu, isipokuwa ndoo. Kikundi chote kinatumia ndoo na mabeseni ya plastiki, nami nikahukumu kwamba ni kubana matumizi. Nikaazima sufuria ya pilau ya mama mwenye nyumba, ile kubwa ya alumini inayotoka kwa hitima na ndoa tu. Nikatia maji, nikatia kostiki.

Msomaji aliyesoma kemia ameshashika kichwa. Kostiki soda huila alumini. Inapoila hutoa joto jingi na gesi ya haidrojeni, ambayo hupenda moto kupita kiasi. Sufuria ilikuwa sakafuni, mbali na jiko, nashukuru. Ikaanza kuchemka pale pale chini. Povu likapanda, mvuke ukatoka, mfuniko ukacheza. Mama mwenye nyumba akapita mlangoni, akaona sufuria yake inachemka kwa nguvu bila kuni, bila mkaa, bila gesi, akarudi nyuma hatua moja na kuanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Wapangaji wakajaa. Hakuna aliyetaka kuisogelea, hata yule wa chumba cha mwisho ambaye kwa kawaida hawezi kupitwa na kitu.

Ilipotulia ndani ilikuwa na vishimo vidogo vidogo na weusi usiosuguliwa. Nikajaribu kujitetea kwa historia. Nikamsimulia mama mwenye nyumba habari za William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 ambaye mwaka 1856, katika maabara yake ndogo nyumbani kwao London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria hii hii yetu. Akapata uchafu mweusi. Alipouosha kwa spiriti ukatoa zambarau ambayo macho hayajapata kuiona, ikawa rangi ya kwanza ya kemikali kuuzwa kibiashara, na kijana akatajirika kabla ya ndevu kumkolea. Mama mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

“Na huyo kijana,” akauliza, “sufuria aliilipa?”

Niliilipa.

Baada ya hapo nimekaa kwenye rangi zisizohitaji kostiki wala dua, zile zinazoshika pamba kwa magadi. Ziliingia sokoni mwaka 1956 kutoka Uingereza, na hadi leo kwa mtu wa nyumbani sijaona zilizo bora zaidi. Hazihitaji kuchemshwa. Zinajiunga na uzi wa pamba kikemikali, mradi maji yawe na alkali, na alkali yenyewe ni magadi, ndugu wa haya tunayolainishia maharage na ambayo Ziwa Natron na Ziwa Magadi yamejaa tele. Haya ya kupikia yamechanganyika na vitu vingine, kwa hiyo kwa rangi nunua yaliyosafishwa.

Kwenye hili sikubaliani na mtaa mzima. Mtaani wanaamini chumvi na siki: khanga mpya iloweke kwenye chumvi isichuje, nguo uliyoipaka rangi isuuze kwa siki ishike. Chumvi kwa kweli husaidia kuisukuma rangi kwenye kitambaa wakati wa kuchovya, ila haiifungi pale. Siki ina kazi kwenye sufi na hariri, na sijui ni nani uani kwetu anayefua hariri. Pamba inataka magadi. Nimesema hivyo mpaka nimechoka, na khanga zinaendelea kuloweshwa chumvi.

Ila uniamini kuhusu glovu. Rangi inayojiunga na pamba haikatai ngozi. Nilichovya mashuka ya bluu kwa mikono mitupu, nikatoka kwenda gengeni kununua nyanya. Mwenye genge akanitazama vidole, kisha viganja, kisha kiwiko.

“Mama, kumbe kulikuwa na uchaguzi mdogo?”

Nikamwambia hapana.

“Maana naona umepiga kura za ukoo mzima.”

Kama bado una hamu, na najua unayo, kwa sababu gauni la mwaka jana liko kabatini na kamati inakutana Jumamosi, fanya jambo moja kabla hujaenda dukani. Chomoa uzi wa kitambaa kwenye pindo, na uzi wa mshono peke yake, uende nazo nje ukazichome kwa kiberiti, kila mmoja kwa zamu yake. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini linalosagika. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa kidonge kigumu. Kitambaa kikiwa jivu na uzi ukiwa kidonge, ujue mishono yote itajitangaza, uamue mwenyewe kama una khanga ya kujitanda. Vyote vikiwa vidonge, pesa ya rangi nunulia nyama. Kostiki itie wewe kwenye maji, usimwage maji juu yake, watoto wakae mbali. Na tafadhali tumia ndoo ya plastiki. Sufuria ya alumini iache ipike pilau, hasa kama si yako.