Namna ya Kuua Mvinyo kwa Heshima Zote

Umeamua kununua kabati la kupozea mvinyo. Hongera, bosi. Sasa watakuja wajuaji kukuambia kwamba mvinyo wa kutunzwa miaka 15 unataka nyuzijoto 12 au 13 zisizopanda wala kushuka, unyevu wa asilimia 60 hadi 70, giza na utulivu. Wanasema kweli, na ndiyo maana hayakuhusu. Kabati lako lina kazi moja tu: mgeni akiingia sebuleni, alione. Fuata hatua hizi. Mvinyo utakufa polepole, na heshima yako itabaki palepale.

1. Liweke panapoonekana. Jua huharibu mvinyo, hasa ule ulio kwenye chupa isiyo na rangi. Sawa, lakini gizani utauonyesha kwa nani? Liweke mkabala na dirisha, jua la saa kumi lipige kioo. Kisha lisukume hadi ligote ukutani. Ile nafasi ya kupitisha hewa inayotajwa kwenye kijitabu ni ya wenye sebule kubwa. Juu yake tandika kitambaa cha kufuma, kining'inie hadi kwenye matundu ya hewa, umalizie na maua ya plastiki.

2. Chagua lisilo na kompresa. Ni la bei nafuu na halingurumi. Hilo hupoza kwa kibamba cha umeme kinachonyonya joto upande mmoja na kulitema upande wa pili, na uwezo wake hupimwa kwa joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 20 halina shida. Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kikiwa na nyuzi 32, litahangaika usiku kucha na 12 lisiione. Namba ya kwenye kioo ikikusuta, ibandikie stika.

3. Ukinunua lenye kompresa kwa bahati mbaya, acha vumbi likusaidie. Kondensa ndiyo inayotoa joto nje. Ikijaa vumbi na manyoya ya paka, joto hukwama, kompresa haipumziki, na siku moja inaungua. Brashi laini na dakika chache, mara mbili kwa mwaka, zingezuia yote hayo. Lakini nani amewahi kusifiwa kwa usafi wa nyuma ya kabati? Futa kioo, inatosha.

4. Raba ya mlango isikusumbue. Wenye wasiwasi hubana karatasi mlangoni na kuivuta. Ikitoka bila kugoma, raba imechoka. Usivute karatasi, na hutajua kitu. Hewa ya pwani ikishapenya, maji yatatiririka ndani na lebo zitaota ukungu. Usihuzunike! Chupa yenye ukungu inaonekana imetoka kwenye handaki la Ufaransa. Umepata bure kinachowachukua wenzako miaka 20.

5. Zima usiku, okoa uniti. Joto likipanda, mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo. Likishuka, hujikunyata na kuvuta hewa ndani. Rudia kila siku na utakuwa umeufundisha mvinyo kupumua. Umeme ukikatika na kurudi, usisubiri dakika tano ili presha ya gesi itulie. Chomeka hapo hapo. Stabilaiza nayo ichomeke kwenye televisheni, maana kuna mechi.

6. Simamisha chupa. Chupa yenye kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kilowe kisikauke na kupitisha hewa. Lakini chupa iliyolala haisomeki! Isimamishe, lebo imtazame mgeni. Nafasi itakayobaki weka soda za watoto na mtindi. Mlango ukifunguliwa mara 30 kwa siku na chupa zikitikisika kila mara, mvinyo utazoea maisha ya mjini.

7. Muite fundi anayesema unachotaka kusikia. Mwenzake mwaminifu atakueleza kwamba gesi ya kabati haiishi kama mafuta ya gari. Mfumo umefungwa, ikipungua kuna mahali inavuja, na tundu lizibwe kwanza. Huyo ana maneno mengi. Wako atasema, "Bosi, gesi imeisha, naongeza," na baada ya miezi michache ataongeza tena. Mtakuwa ndugu. Ila akianza kuwasha moto wa kuchomelea kwenye mfumo wenye R600a, gesi inayoshika moto upesi, wewe kumbuka una safari ya sokoni. Nenda na familia yote.

8. Andaa hotuba. Mvinyo mwingi duniani hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Unaonoga kwa kukaa miongo ni wa wachache, kama Bordeaux zilizo bora, Barolo na Port ya mwaka mmoja wa mavuno. Chupa yako ya dukani ilifika kileleni siku uliyoilipia. Usimwambie mtu. Akiuliza, shusha sauti: "Huu bado mchanga." Akisisitiza muonje na rangi ikatoka ya kahawia, ladha ikiwa ya tufaha lililooza, ushike mdomoni, fumba macho, sema, "Umekomaa." Atakubali. Hakuna mgeni aliye tayari kuonekana hajui mvinyo mbele ya kabati lenye taa ya bluu.

9. Toa ushahidi nyumbani. Kabati likiacha kabisa kupoza, usilitengeneze. Taa bado inawaka. Chupa ndizo za kuondoa. Kila harusi, kila kipaimara, kila bosi anayestaafu, beba moja. Ifunge kwa utepe, ikabidhi kwa mikono miwili. Aliyepewa naye ana kabati, naye ana wageni, hataifungua. Ataipeleka mbele, na aliyepelekewa ataipeleka mbele zaidi. Ili kujihakikishia, ambatanisha kadi kwa mwandiko mzuri: "Tafadhali, isifunguliwe kabla ya 2045."