Mimi Nilikuweko

Kwa hesabu yoyote ya haki, banda lile la video la Likoni halikuweza kuchukua watu zaidi ya sabini. Yalikuwa mabenchi ya mbao, watano kila benchi wakikaa kwa adabu, saba Man U ikicheza, na watoto mbele kabisa juu ya mkeka, shingo zimewapinda. Lakini tangu jioni ya Jumapili, tarehe 13 Mei 2012, banda hilo limekuwa likijaa, na kila mwaka linajaa zaidi. Nimekutana na mtu soko la Kongowea, ananunua nyanya, akaniapia kuwa alikuwa benchi la pili kutoka mbele. Nimekutana na utingo wa Changamwe ambaye, kwa umri wake, jioni ile alikuwa darasa la pili na mamake hamruhusu kuvuka barabara, sembuse kuvuka feri. Naye alikuweko. Mwenye banda huyasikia madai haya kwa uchungu mkubwa.

"Lau wote hawa wangelipa shilingi ishirini yangu," husema, "leo ningekuwa na ghorofa Nyali."

Wanachodai kukiona ni bao la Sergio Agüero. Kwa aliyekuwa mtoto wakati ule, au aliyekuwa na kazi za maana za kufanya: Manchester City walihitaji kuifunga Queens Park Rangers kwao nyumbani ili wawe mabingwa wa Uingereza kwa mara ya kwanza tangu 1968. Man U walikuwa Sunderland, wanaombea City wateleze. Pointi zilikuwa sawasawa, 86 kwa 86, lakini City walikuwa mbele kwa tofauti ya mabao, na sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na yale mabao 6 kwa 1 waliyoipiga Man U palepale Old Trafford mwezi wa Oktoba, jambo ambalo mtaani kwetu halikuwa likitajwa mbele ya watoto.

Mashabiki wa City Likoni walikuwa adimu siku hizo. Banda letu lilikuwa na mmoja, kijana fundi wa simu, na hata yeye tulimshuku kuwa mapenzi yake yalianza baada ya ile sita kwa moja. Waliobaki walikuwa Man U, pamoja na kikundi cha Arsenal kilichokuja kutazama mateso ya wengine ili kisahau yake. (Arsenal siku hiyohiyo walikuwa wakihangaikia nafasi ya tatu, na waliipata, 3-2 ugenini kwa West Brom. Hakuna Likoni anayelikumbuka bao hata moja katika hayo matano.)

Benchi la mbele, katikati, alikaa ami yangu. Huyu lazima nimweleze, kwa sababu alikuwa na deni na dakika za mwisho.

Mwaka 1999, tarehe 26 Mei, ilipochezwa fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Camp Nou, Barcelona, Ami aliitazama Majengo, upande wa kisiwani. Mario Basler aliwafungia Bayern Munich kwa mpira wa adhabu dakika ya sita tu. Baada ya hapo Man U walikimbia huku na huku bila faida. Kipindi cha pili Bayern wakagonga mlingoti, kisha wakagonga mwamba, na Ami akaona hapa hakuna tena cha kungoja isipokuwa feri. Saa tano za usiku zilikuwa zimeshapita, na usiku feri hazifuatani kama mchana. Akatoka, akadandia matatu, akafika kivukoni, akavuka.

Ndani ya feri kulikuwa na watu waliotoka kazini bandarini, wana hamu ya habari. Wakamuuliza mpira umeishaje. Ami ni mtu mkarimu wa maelezo. Akawaambia Bayern moja, Man U sufuri, kisha akawapa na sababu: Roy Keane na Paul Scholes wamefungiwa kwa kadi, David Beckham amewekwa katikati asikokuzoea, kocha amekosea tangu mwanzo. Abiria wakavuka maji wakimlaumu Alex Ferguson kwa sauti moja. Walipoteremka Likoni wakakuta watu wamevua mashati, wanarukaruka barabarani. Ami akauliza kuna arusi ya nani.

Kona mbili za Beckham, jamani. Ya kwanza akamalizia Teddy Sheringham, ya pili Ole Gunnar Solskjær, zote katika dakika za majeruhi, wakati Ami yuko njiani kwenda kutangaza msiba.

Wale abiria aliowapa habari walimtafuta mtaani kwa muda mrefu. Faraja yake aliipata baadaye, alipokuja kujua kwamba hata Lennart Johansson, rais wa UEFA mwenyewe, hakuyaona mabao yale. Mzee yule aliacha kiti chake mapema ashuke kwenda kutoa kombe, akaingia kwenye lifti Bayern wako mbele, na alipotokeza uwanjani akashindwa kuelewa mbona walioshinda wanalia na walioshindwa wanacheza ngoma. Ami humtaja kama mtu waliyesoma pamoja. "Mwenzangu alikuwa kwenye lifti, mimi nilikuwa kwenye feri," husema. "Ila kwenye lifti hakuna wa kukuuliza matokeo."

Basi jioni ile ya 2012 alikuja na kiapo. Hatatoka kwenye benchi mpaka refa mwenyewe aingie chumba cha kubadilishia nguo. Mbele yake kulikuwa na runinga mbili: ya kushoto Sunderland, ya kulia City. Wayne Rooney alipofunga kwa kichwa dakika ya ishirini, Ami alishangilia amekaa, asije akaonekana amevunja kiapo.

Mechi zote zilianza saa kumi na moja kwa saa zetu. Hesabu hii aliyepanga ratiba Uingereza hakuijua, lakini sisi tuliijua: kipindi cha pili kitaingiliana na Magharibi. Na ndivyo ilivyokuwa. City wamefunga kupitia Pablo Zabaleta, Djibril Cissé amesawazisha, kisha Joey Barton wa QPR akampiga kiwiko Carlos Tevez, akapewa kadi nyekundu, na alipokuwa akitoka akaongeza vurugu nyingine kama mtu anayetaka risiti. Hapohapo adhana.

Mwenye banda alikuwa na utaratibu wake: adhana ikilia, sauti inazimwa, na anayebaki amebaki na dhamira yake. Nilimwona Ami akipima. Moja kwa moja, City wako nyumbani, wapinzani wamebaki kumi. Kutakuwa na heri gani tena hapo? Kiapo chake akakitafutia fatwa mwenyewe, kwamba kutoka kwenda kusali si kutoka. Nusu ya banda ikainuka pamoja naye.

Waliporudi waliikuta QPR inaongoza, 2-1. Jamie Mackie, kwa kichwa, watu kumi dhidi ya kumi na mmoja. Wa kwanza kuingia alidhani tumezibadilisha zile runinga kwa masihara. Ami hakushangaa hata kidogo. Mpaka leo anaamini bao lile lilitokana na sijda yake ya mwisho, na alipompelekea maalimu suala hilo, maalimu alimwambia hilo halimo kitabuni na amwache anywe kahawa.

Zikaingia dakika za lala salama. Refa akaongeza tano, nyingi zikiwa za huyo Barton na fujo zake. Mashabiki wa City kule uwanjani walikuwa wameshaanza kuondoka, tuliwaona wakipanda ngazi vichwa chini, na Ami, aliyeyajua machungu hayo kuliko sote, akawaonya kwenye runinga: "Msitoke nyinyi! Mtajuta!" Ndiye mwana Man U pekee niliyewahi kumwona akiwasihi City wasikate tamaa.

Dakika ya pili ya nyongeza Edin Džeko akafunga kwa kichwa, kona. Mbili mbili. Banda likacheka. Sare haikuwafaa kitu. Man U walikuwa wanaongoza Sunderland, mechi yao inaisha, kombe ni letu. "Waacheni wajifariji," akasema mtu nyuma. Fundi wa simu alikuwa ameinama, anachungulia viatu vyake.

Stima ikapotea.

Kelele zilizotoka humo ndani siwezi kuziandika kwenye jarida la heshima. Bandani kulikuwa giza tupu, joto la mabati, jasho la watu sabini, na watoto wa mkekani wanakanyagwa vidole. Mwenye banda alikuwa na jenereta, ndiyo, lakini jenereta siku hiyo ilikuwa imeazimwa kwenye arusi Shika Adabu. Alilisema hilo kwa sauti ndogo sana, karibu na mlango.

Ndipo ukaja mlio kutoka hoteli ya ng'ambo ya barabara, wao jenereta yao hawakuiazima mtu. Mlio mkubwa, wa watu wengi. Gizani tukawa wataalamu wa milio. Mmoja akasema huo ni wa bao. Mwingine akasema la, wa bao huanza kwa mmoja kisha wakaitikia wengine. Huu umekuja wote kwa pamoja, huu wa firimbi ya mwisho. Ami akafunga mjadala. Akasimama juu ya benchi, sikumwona lakini nililisikia benchi, akatangaza kwamba Man U ni mabingwa, na akampigia kelele muuza juisi wa pale mlangoni: "Mimina ukwaju! Benchi zote! Kwa jina langu!"

Glasi zikapita gizani kutoka mkono hadi mkono. Watu walikunywa na kupongezana na watu wasiowaona.

Kisha kwenye benchi la nyuma ukawaka mwanga mdogo wa simu. Ujumbe umeingia. Mwanga ule ulikuwa chini ya kidevu cha fundi wa simu, nasi tukayaona meno yake yote. Hakusema neno. Alikuwa na akili ya kutosha kuanza kusogea kwanza kuelekea mlangoni, na glasi yake mkononi, ndipo akapiga ukelele.

Sekunde ya ishirini baada ya dakika ya 93, ndivyo waliorekodi wanavyosema. Hakuna hata mtu mmoja katika banda lile aliyeiona.

Na bado ukikaa nao barazani leo watakueleza yote. Watakueleza Mario Balotelli alivyoanguka na kuusukuma mpira akiwa chini, na kwamba hiyo ndiyo pasi pekee ya bao aliyoitoa kwenye ligi akiwa na City. Watakueleza Agüero alivyompita beki, akapiga, akaivua jezi akawa anaizungusha juu ya kichwa. Watakuigizia mtangazaji alivyolivuta jina lake mpaka pumzi ikamwishia. Ni maelezo sahihi kabisa, maana sote tuliyatazama kwenye habari, na tunayatazama hadi leo kwenye simu. Picha zimeingia gizani mle zikajipanga vizuri kila moja mahali pake, na anayekumbusha habari ya stima huonekana mchawi.

Nilipomlalamikia mzee mmoja wa kahawa kuhusu uongo huu, alinisikiliza kwa upole, akaniambia vijana wa siku hizi hawana haya. Yeye alikuweko Kasarani mwaka 1987, Gor Mahia walipotoka sare 1-1 na Esperance ya Tunisia, baada ya 2-2 kule Tunis, wakachukua Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini. Mkewe alikuwa anapita na sinia ya kashata. Akasema, bila kusimama, kwamba mwaka huo mzima mumewe hakuvuka Mariakani.

Mtu mmoja tu Likoni ana dawa ya ugonjwa huu, naye ni muuza juisi. Ana daftari. Mazungumzo yakishapamba moto, kila mtu ameshataja benchi alilokalia, yeye hulitoa taratibu, akaulamba wino wa kalamu, akauliza: glasi za ukwaju za siku ile zilikuwa hamsini na mbili, nani na nani walikunywa? Hapo utawaona. Mmoja alikuwa Mtongwe kwa shangazi yake. Mwingine anakumbuka sasa kwamba ile mechi aliitazamia Kisauni. Yule wa benchi la pili ana nyanya za kupeleka nyumbani.

Ami hoja yake ni ya kisheria zaidi. Anasema aliagiza kwa furaha ya ubingwa, ubingwa haukutokea, basi na agizo limebatilika. Muuza juisi hujibu kwamba ukwaju haukubatilika, ulikwenda tumboni.

Majuzi fundi wa simu, ambaye sasa ana duka na kitambi, alikuja barazani akasema amechoka na kesi hii. Atalilipa deni lote, la glasi zote hamsini na mbili, na la riba kama ipo. Sharti lake ni moja: Ami asimame palepale mbele ya watu, alitaje jina la mfungaji kwa sauti, alivute kama alivyolivuta mtangazaji.

Baraza likanyamaza kumsikiliza Ami. Akafikiri, akakohoa, akamgeukia muuza juisi.

"Wewe. Namba yako ya M-Pesa ni ileile?"