Bunduki Ndiyo Mwenye Amri

Huko Marekani wapo wanaume wazima wanaomaliza Jumamosi nzima uani wakiyeyusha madini ya risasi ili wajisubie vichwa vya risasi vya bunduki zao za wenzo, zile za kwenye filamu za wachunga ng'ombe. (Kwetu, wa kwanza kubisha hodi angekuwa askari.) Ukiwauliza sababu, watakutajia uhuru na kubana matumizi. Uhuru siuoni: bunduki inaamuru, fundi anatii. Itazame magazini yake. Ni bomba lililolala chini ya mtutu, na risasi zimepanga foleni humo, pua ya moja ikielekea fataki ya iliyo mbele yake. Pua ikichongoka, mshtuko wa mlio mmoja waweza kulipua foleni nzima. Kwa hiyo fundi aliyeota kichwa chembamba atasubu chenye pua bapa, apende asipende. Risasi ikizidi urefu kidogo tu, haipandi kwenda chemba. Wenzo unagoma katikati, haurudi wala hausongi, na kulungu ameshajiendea zake. Mdomo wa ganda usipokibana kichwa sawasawa, springi ya magazini inakididimiza ndani ya ganda, kazi ya asubuhi nzima ikapotea.

Watetezi watasema bunduki ya Winchester ya mwaka 1873 ilipiga madini matupu na wala haikulalamika. Ni kweli, ila ile ilikula baruti nyeusi, na kichwa chake hakikufika hata mita 400 kwa sekunde. Winchester ya 1894, kazi ya mbunifu wa bunduki John Browning, ilipewa mwaka uliofuata risasi ya .30-30 yenye baruti isiyo na moshi, ikikimbiza kichwa chenye koti la metali kwa mita 600 hivi kwa sekunde. Kwa mbio hizo, madini laini yasiyo na kinga hujipaka ndani ya mtutu kama siagi kwenye mkate. Ndipo fundi anapoongeza madini magumu kwenye sufuria, anapaka grisi, anakivisha kichwa kisahani cha shaba kitakoni, na anahakikisha kipenyo kimezidi cha mtutu kwa milimita 0.025 hivi, chini ya unene wa unywele. Kikipungua, gesi inapenya pembeni, na shabaha inageuka bahati nasibu.

Basi ni nafuu? Vile vipande vya kubalansi magurudumu, vilivyokuwa vikiokotwa kwa mafundi wa tairi ili viyeyushwe, majimbo kadhaa yamevipiga marufuku vikiwa vya madini ya risasi. Kalibu inanunuliwa, mizani inanunuliwa, mikromita pia. Nakubali kwamba risasi moja moja hutoka kwa bei ya chini. Lakini mtu akishaona ni rahisi hupiga nyingi zaidi, na hesabu inarudi palepale. Anayeshikilia kuanza apime mtutu kabla ya kununua kalibu, asiruhusu hata tone la maji karibu na madini yaliyoyeyuka, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe.